Kumwita mgeni mwenye jeshi: madhehebu ya Shafii yanasemaje?

SWALI: Assalamu alaykum, sheikh. Agosti 1990, Iraki ilipoivamia Kuwait, wanavyuoni wakubwa wa Saudi Arabia waliruhusu majeshi ya Marekani yaingie kuilinda nchi. Wengine walipinga kwa hadithi ya mshirikina aliyerudishwa katika safari ya Badri. Sisi Washafii wa pwani tushike lipi? Na je, kinachoangaliwa ni dini ya mshirika tu?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah.

Hadithi hiyo ni sahihi, ameipokea Muslim kutoka kwa Bi Aisha (R.A.). Mtu aliyejulikana kwa ushujaa alimfuata Mtume (S.A.W.), akaulizwa kama anamwamini Mwenyezi Mungu na Mtume wake, akasema la. Akaambiwa arejee: "Sitaki msaada wa mshirikina." Lakini katika vita vya Hunayni, mwaka wa 8 Hijria, Mtume (S.A.W.) alichukua deraya za Safwan bin Umayya, naye bado hajasilimu. Safwan aliuliza: ni unyang'anyi, ewe Muhammad? Akajibiwa: la, ni azima yenye dhamana. Kwa hiyo Imamu Shafii hakuufunga mlango wala hakuuacha wazi. Jambo alimwachia kiongozi alipime.

Kipimo kimo katika Minhaj, kitabu cha fiqhi ya Kishafii cha Imamu Nawawi, mlango wa siyar, yaani hukumu za vita, na ni masharti mawili. La kwanza, washirika wawe watu wasiohofiwa khiyana. La pili, adui na mshirika wakiungana dhidi yetu, tuweze kuwakabili wote wawili. Hili la pili ndilo linalorukwa. Watu hukesha wakibishania imani ya mshirika, na faqihi anauliza hesabu: ana askari wangapi, vyombo vingapi, na wewe umebaki na nini siku akigeuka? Hapo ndipo penye ugumu, kwa sababu anayeita jeshi la nje mara nyingi huita kwa kuwa ni dhaifu, na kwa udhaifu huo huo sharti linamshinda.

Kuna mlango wa pili usiosomwa sana katika mjadala huu, mlango wa bughat, Waislamu walioasi. Nawawi anasema usitakwe msaada wa kafiri dhidi yao, wala wa mtu anayeona wauawe hata wakiwa wamegeuza mgongo. Tazama sehemu ya mwisho: inamgusa hata Mwislamu. Mashehe waliokisherehesha kitabu hicho humtaja Mhanafi, kwa kuwa madhehebu yake yanaruhusu kumfuata aliyekimbia akiwa na kundi la kurejea. Sababu ya katazo hilo ni Suratul Hujurat, aya ya 9: kundi lililodhulumu lipigwe "mpaka lirejee kwenye amri ya Mwenyezi Mungu", kisha lipatanishwe kwa uadilifu. Likisharejea, vita vimekwisha.

Mwenye kutaka kujua kwa nini wanafiqhi waliweka sharti hilo, aangalie siku za mwisho za Februari 1991. Misafara ya Wairaki iliyokuwa ikiondoka Kuwait kuelekea Basra ilipigwa kwa ndege barabarani, ikiwa inarudi nyuma. Aliyeliita jeshi hakuwa na uwezo wa kuamua lini liache kupiga.

Waliotoa fatwa ya 1990 walishika dharura, na dharura ina nafasi yake katika sheria, siwatukani. Ila kanuni inasema dharura hupimwa kwa kadiri yake. Kuwait ilikombolewa mwezi huo wa Februari 1991, na ndege za kivita za Marekani zikabaki katika ardhi ya Saudia hadi 2003. Miaka hiyo yote haiingii kwenye kadiri ya uvamizi wa 1990.

Kwetu pwani mfano ni wa zamani zaidi. Malindi ilimpokea Vasco da Gama mwaka 1498, ikawa mshirika wa Wareno dhidi ya hasimu wake Mombasa. Ushindi ulipopatikana, mfalme wa Malindi alihamia Mombasa pamoja nao, na mwaka 1593 ujenzi wa Ngome ya Yesu ukaanza. Ngome ile, mwenye mizinga yake alikuwa nani? Mfalme Hassan alipogombana na kapteni wa Kireno, alikimbilia bara akauawa, na kichwa chake kikapelekwa Goa, makao ya Wareno kule Bara Hindi. Mwanawe Yusuf alilelewa huko, akabatizwa kwa jina la Jerónimo Chingulia, akarudishwa kutawala, na Agosti 1631 akamuua kapteni ndani ya ngome ile ile.

Mazrui, watawala wa Mombasa, walikosea kwingine. Mwaka 1824, wakimhofia Seyyid Said, mtawala wa Omani, walimkubalia Kapteni Owen wa jeshi la majini la Uingereza apandishe bendera ya nchi yake, kwa mapatano ya kugawana ushuru nusu kwa nusu. Owen hakuwa na idhini ya serikali yake. Katika fiqhi yetu huyo ni fudhuli, anayefunga mkataba kwa niaba ya mwingine bila idhini, na mkataba wa fudhuli katika kauli mpya ya Shafii ni batili. Serikali yake haikuuridhia, Waingereza wakaondoka 1826, na mwaka 1837 Seyyid Said akaitwaa Mombasa.

Basi kiongozi akilazimika, kwanza adai hati ya idhini kutoka kwa aliyemtuma anayetia saini. Aandike tarehe ya kuondoka, si "hali itakapotulia", kwani mwenye bunduki ndiye atakayesema imetulia au la. Bandari na ngome zitolewe kama azima, zirudi kwa mwenyewe, wala zisiwe malipo. Amri ya kusimamisha mapigano abaki nayo yeye. Mshirika akikataa hili la mwisho, sharti la Minhaj limeshavunjika kabla askari wa kwanza hajashuka.

Na akihofia khiyana baada ya kusaini, Suratul Anfal, aya ya 58, inamwamuru awatupie ahadi yao waziwazi, pande zote zijue. Kuvunja mkataba kimyakimya hakujuzu, hata kwa aliyedhulumiwa.

Wallahu aalam.