Pete ya maabara: nimepewa feki?

SWALI: Shikamoo mzee. Mchumba wangu kaniletea pete ya almasi kutoka Dubai. Sonara kaipima kwa kalamu yake, ikaonyesha almasi. Lakini cheti kinasema ni ya maabara. Nimepewa feki?
Msomaji, Shinyanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Feki ni kioo au zirkonia. Yako ni kaboni ileile ya almasi za mgodi wa Mwadui, huko kwenu Shinyanga, ugumu uleule wa 10 katika 10, ila imekuzwa mtamboni kwa wiki kadhaa. Za ardhini nyingi zina zaidi ya miaka bilioni 1. Kalamu ile hupima jinsi jiwe linavyopitisha joto, na hapo zote mbili ziko sawa. Kuzitenganisha kunahitaji mashine za maabara ya vito. Chukua lenzi, tazama ukingo wa jiwe: mara nyingi huchongwa namba. Ilingane na ya cheti.

Bei ndiyo kasheshe. Za maabara zimeporomoka sana, ukienda kuiuza utalia. Kama kalipa bei ya jiwe la mgodini, aliyepunjwa ni yeye. Omba risiti kwa upole. Mimi (mniwie radhi watu wa Shinyanga) ningedai tanzanaiti ya Mererani.