Makumbusho ya Mkwawa, Kalenga

SWALI: Mhariri, mwezi ujao nitapita Iringa pamoja na wanangu. Je, Makumbusho ya Mkwawa yaliyoko Kalenga, ambayo nasikia ni madogo sana, yanastahili kutengewa muda?

JIBU: Yanastahili kabisa, ndugu msomaji. Ndani ya jengo hilo dogo limehifadhiwa fuvu la Mtwa (yaani mtawala) Mkwawa wa Wahehe, aliyewashinda Wajerumani pale Lugalo mwaka 1891 na ambaye, baada ya ngome yake ya Kalenga kutekwa mwaka 1894, aliendelea kupambana nao hadi alipojiua mwaka 1898 ili asikamatwe akiwa hai. Ijapokuwa Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliiagiza Ujerumani ilirejeshe fuvu hilo, Wahehe walisubiri hadi mwaka 1954, Gavana Mwingereza wa Tanganyika, Edward Twining, alipolikabidhi kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa marehemu, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge.

Waeleze watoto haya kabla hamjaingia, kwa kuwa mbele yao patakuwa na mabaki ya binadamu, na heshima tunayolipa kaburi inapaswa kutolewa pale pia. Msiharakishe kutoka, mwombeni mwongozaji awasimulie habari za ngome hiyo papo hapo kijijini iliposimama.