Kishikwambi katika darasa la lugha nyingi: kwa mwalimu anayeripoti Kakuma

Mwalimu mwenzangu unayeripoti muhula huu Kakuma au Kalobeyei, makazi ya wakimbizi huku Turkana, Kenya, karibu sana. Huenda shule utakayopangiwa ina vishikwambi, projekta, spika na paneli za sola. Shule kadhaa za huku zimevipata kupitia mradi wa Instant Network Schools, ambao UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, na Wakfu wa Vodafone waliuanza mwaka 2013. Utafundishwa kuviwasha, kuvichaji na kuvifungia kabatini. Mimi nataka kukueleza sehemu ambayo mafunzo hayo huipita haraka: namna ya kuvitumia pale ambapo watoto walio mbele yako wametoka nchi tano na shule zenye desturi tofauti kabisa.

Kwanza wajue. Rejista itakuandikia Msomali, Mkongo, Msudani Kusini, na ukiishia hapo utapotea. Aliyeandikwa Msomali huenda nyumbani anasema Kimaay, ambacho Wasomali wengi wa kaskazini hawakielewi kwa urahisi. Au ni wa jamii za Wabantu wa Somalia waliohamishiwa huku kutoka kambi ya Dadaab kuanzia mwaka 2002, ambao baadhi yao wamehifadhi Kizigua, lugha ya wazee wao waliochukuliwa utumwani kutoka pande za Tanga katika karne ya 19. Mkongo naye anaweza kuwa Mbembe, Mfuliiru au Mnyamulenge. Kutoka Sudan Kusini utapata Kinuer, Kidinka, Kididinga, Kiacholi na Kiarabu cha Juba. Na wenyeji wako Waturkana wamo darasani humo humo, wakati mwingine wakisahaulika kwa sababu hakuna anayewahesabu kuwa wageni.

Kwa hiyo chukua kishikwambi kimoja, keti kando wakati wengine wanaandika, umrekodi kila mtoto kwa zamu. Ataje jina lake jinsi mamake anavyolitamka, lugha za nyumbani kwao, na kama aliwahi kusoma kwingine, alisoma wapi na kwa lugha gani. Darasa la watoto mia moja si jambo la ajabu hapa, basi usijaribu kumaliza kwa siku moja. Jibu la swali la mwisho lihifadhi vizuri kuliko yote, kwa maana utalihitaji siku utakapofungua mazoezi ya hisabati.

Hapo ndipo ningependa utulie nami kidogo. Programu nyingi za mazoezi hujisahihisha zenyewe: mtoto anaandika jibu, skrini inamwonyesha alama ya vema au ya kosa. Kwa mwalimu mwenye watoto wengi hiyo ni neema kubwa. Lakini mtoto aliyeanza shule Burundi au Kongo amefundishwa kuandika desimali kwa mkato, 3,5, kwa kufuata utaratibu wa Kifaransa. Hapa Kenya tunaandika 3.5. Mashine itampiga kosa mara kumi mfululizo, naye ataamini kwamba hajui desimali. Kugawanya kwake pia kumepangwa kwingine: kigawanyo anakiweka mkono wa kulia, juu ya mstari, na jibu linakaa chini ya mstari huo. Ukiangalia daftari lake haraka utadhani ni fujo, kumbe hesabu yote ni sahihi.

Mtoto aliyesoma kwa Kiarabu upande wa Sudan anaweza kuwa amezoea tarakimu ambazo tano yake ni kiduara kinachofanana na sifuri yetu, na sita yake inakaribia kufanana na saba yetu. Hebu fikiria anavyoisoma skrini inayomwambia 50 + 67. Akikosea hapo hajashindwa kujumlisha. Mhabeshi naye, ukifika kwenye somo la saa, yuko upande wako: kwao pia siku huanza kuhesabiwa asubuhi, na saa moja yao ndiyo saa moja yetu. Kishikwambi kinachoonyesha 7:00 kitawachanganya watoto wa Kiswahili na wa Kiamhara kwa namna ile ile, na hiyo ni nafasi nzuri ya kuwaweka pamoja walitatue wao.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba kila zoezi la kishikwambi liwe na daftari pembeni. Mtoto aandike njia yake kwanza, halafu jibu aliingize. Alama za mashine zitakuonyesha ni nani wa kumfuata. Daftari litakueleza kwa nini. Nimeona watoto wakirudishwa gredi za chini kwa sababu ya alama za namna hii, watoto wenye akili inayong'aa, na inaumiza kwa sababu dakika tano za kuangalia daftari zingetosha.

Kuhusu intaneti, usiitegemee. Kolibri, programu ya masomo ya shirika la Learning Equality, ilitengenezwa kwa mazingira kama haya: masomo yanapakuliwa mara moja, yanawekwa kwenye kompyuta ndogo ya shule, na vishikwambi vinayafikia bila data. Pakua mjini, beba kwa flashi. Joto na vumbi vya Turkana havina huruma, kwa hiyo vifaa visikae kwenye mabati wala karibu na dirisha.

Vikigawiwa, kishikwambi kimoja kwa watoto wanne kinafaa. Ukiwaacha wajipange wenyewe, watakaa kwa makabila na mvulana mkubwa ndiye atakayekishika kipindi kizima. Mpango ninaoupenda mimi ni huu: dakika za mwanzo wakae na wenzao wa lugha moja, wajadili swali kwa lugha yao hadi walielewe, kisha wahamie kundi la mchanganyiko, ambako lazima waelezane kwa Kiswahili au Kiingereza. Zamu za kushika zipigiwe kengele, na wasichana waanze. Ukiona binti haletwi siku ya vishikwambi, mwalike mzazi aje aone kilichomo ndani. Wengi wa wazazi wanaokataa wana hofu ya haki kuhusu simu, na hofu hiyo hupungua wakishaona ni kitabu cha hadithi.

Tukitaja hadithi, mkusanyo wa African Storybook ulioanzishwa na shirika la elimu la Saide la Afrika Kusini una hadithi za picha katika lugha nyingi za Afrika, na leseni yake inaruhusu kuzitafsiri. Chukua hadithi fupi, watoto waisimulie upya kila mmoja kwa lugha yake, uwarekodi, kisha darasa lisikilize huku picha zikiwa kwenye projekta. Mtoto wa Kididinga ambaye hajafungua mdomo tangu afike akisikia sauti yake ikitoka kwenye spika na wenzake wamenyamaza kumsikiliza, anabadilika mbele ya macho yako. Sijapata matumizi mengine ya vifaa hivi yanayolipa kama hayo.

Tafsiri za mashine zitakushawishi. Kinuer, Kidinka na Kirundi viliongezwa kwenye Google Translate mwaka 2024, na kwa ujumbe mfupi kwa mzazi vinaweza kusaidia. Kwa maelezo ya sayansi usizitumie kabla mtu mwenye lugha hajazisoma. Na video zote zitazame nyumbani kwanza, mpaka mwisho. Mlio wa bunduki katika video ya historia si kitu kidogo kwa mtoto aliyekimbia vita vilivyoanza Sudan Kusini Desemba 2013, au aliyezaliwa njiani.

Picha na sauti za watoto zibaki shuleni. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na kwa wakimbizi uzito ni mkubwa zaidi, maana wapo wanaotafutwa na watu waliowakimbia. Usipandishe kwenye WhatsApp hata kundi la walimu.

La mwisho ni kuhusu walimu wakimbizi. Utawakuta wengi, wamefundisha hapa miaka mingi, wanalipwa posho iliyo ndogo sana ukilinganisha na mshahara wa mwalimu wa taifa, na ndio wanaojua kila lugha niliyokutajia. Mara nyingi huitwa tu kutafsiri wakati mwenye kishikwambi ni mwalimu mgeni. Omba mkuu wa shule aweke majina yao kwenye orodha ya mafunzo ya vifaa, na nywila ya Kolibri wapewe pia. Pangeni somo pamoja kabla ya wiki kuanza, nao wachague ni kipi cha kupakua.