Mkuu, kuzimika kwa taa ya oili si ushahidi kwamba oili ipo

Mkuu, usiliwashe hilo gari mpaka umefungua boneti. Umeandika kwamba gari lako la lita 2.0 lenye turbo (feni inayosukumia injini hewa zaidi) linakula oili kama lita moja kila kilomita 1,500, moshi huuoni, taa haijawaka, na fundi amekwambia "turbo ndivyo zilivyo". Sasa unauliza kama uhamie oili nzito, kama intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye turbo) ibadilishwe, na kama chipu ya kuongeza nguvu ya injini uiweke kabla au baada ya safari yako ndefu. Mimi nilipofika "taa haijawaka" nikashindwa kuendelea kusoma.

Hiyo taa nyekundu yenye picha ya birika ni ya presha ya oili. Haijui kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, kuna lita ngapi. Swichi yake husubiri presha ianguke hadi karibu bar 0.5 ndipo iwashe taa. Injini ikiwa kwenye mizunguko 6,000 inahitaji presha kubwa mara kadhaa kuliko hiyo. Yaani kuna uwanja mpana kabisa ambamo beringi (vyuma laini vinavyobeba shafti ya injini) zinakufa na dashibodi yako ni giza tupu, safi, inapendeza. Magari mengine yana taa ya njano inayopima kiwango, hiyo ni habari nyingine, na nayo mimi siiamini.

Fundi wangu naye alinipa wimbo huohuo. "Taa haijawaka? Basi tembea." Alisema bila hata kuinua macho kwenye simu yake. Na ndiye aliyekuwa akijiita mtaalamu wa turbo! Nikatembea. Dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, nilikuwa naiona tu nikiongeza maji ya waipa, na msinicheke, wengi wenu mnafanya hivyohivyo.

Ikaja kona ndefu ya kutoka barabara kuu, nimekanyaga. Oili kidogo iliyobaki ikakimbilia upande mmoja wa sampu, pampu ikavuta hewa. Taa ikawaka kwa kitambo cha kupepesa jicho, ikazima. Nikajiambia ni waya. Kabla sijafika mbali nikaanza kusikia ko-ko-ko kutoka chini, ukiongeza resi inaongezeka, ukiachia inapungua. Injini ilikuwa imeshanoki.

Tulipoimwaga oili ilitoka inametameta kama rangi ya gari ya metaliki. Tukaikata filta, kwenye mikunjo ya karatasi kulikuwa na vipande vyembamba vya rangi ya shaba. Beringi ya konrodi moja (mkono unaounga pistoni na krenki) ilikuwa imezunguka kwenye makao yake na krenki, yaani shafti kuu ya injini, imechimbika, imegeuka bluu kwa joto. Turbo nayo ukishika shafti inacheza huku na huku. Hiyo shafti inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kinachoitenganisha na chuma ni utando wa oili tu. Ikikosa oili kidogo tu, imeisha. Kwa pesa niliyolipa ningeweza kuoga oili ya sintetiki mpaka uzeeni, na chenji ikabaki.

Hebu piga hesabu yako mwenyewe. Kwenye magari mengi, kutoka alama ya juu ya dipstiki hadi ya chini ni kama lita moja. Kwa hiyo ukitoka sevisi umejaza, kilomita 1,500 baadaye uko kwenye alama ya chini. Sampu ya lita 5, sevisi kila kilomita 10,000... unaona inakoelekea?

Na "ndivyo zilivyo" ni nusu ukweli, ndiyo maana ni hatari. Volkswagen kwenye vitabu vya baadhi ya magari yao wanataja hadi nusu lita kwa kilomita 1,000. Lakini wanakwambia hivyo ili upime na uongeze! Hakuna kitabu kilichosema uliache liile mpaka likauke. Moshi nao usikudanganye, katalitiki (kichujio cha moshi kwenye ekzosi) ikiwa ya moto huficha mwingi.

Halafu hiyo safari. Kama injini yako inapuliza petroli moja kwa moja kwenye silinda na unatembea mwendo mfupimfupi, petroli hupenya kwenye ringi za pistoni na kushuka kwenye oili. Dipstiki inaonyesha umejaza vizuri. Ukiingia barabara kuu, oili inapata joto la kutosha, ile petroli inaruka kama mvuke, na kiwango kinashuka ghafla ukiwa katikati ya safari.

Kanuni yangu ni moja: kila ukijaza mafuta, chomoa dipstiki. Kila mara. Gari liwe mahali tambarare, injini ya moto iliyozimwa dakika kama tano (kitabu chako kikisema ipimwe ikiwa baridi, fuata kitabu), futa, rudisha, chomoa tena, soma pande zote mbili. Zikitofautiana, amini ya chini. Andika kwenye simu kilomita na ulichoongeza. Ila usipitishe alama ya juu, krenki itaipiga oili iwe povu, na povu halilainishi kitu.

Oili nzito? Inaweza kupunguza ulaji kidogo na kukuficha ugonjwa. Kaa kwenye ile ya kitabu, kisha pima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) na uvujaji wa silinda. Vua pia bomba linalotoka kwenye turbo: unyevu kidogo ni kawaida, dimbwi hapana. Oili ikiungua ndani ya silinda petroli inapoteza uwezo wa kuhimili mgandamizo, inalipuka vibaya, pistoni inavunjika katikati ya ringi, na ulaji unazidi mara dufu. Fundi wako alikueleza hilo? Nilijua.

Nenda kapime sasa, urudi uandike dipstiki imeishia wapi. Ikitoka kavu, usilisogeze hata kulitoa kivulini. Ongeza nusu lita, subiri ishuke, pima tena.