Pete Iliyosomwa na Pete Iliyotazamwa

Katika toleo lililopita niliandika mistari michache kuhusu The Lord of the Rings, riwaya ya J.R.R. Tolkien iliyochapishwa Uingereza katika majuzuu matatu kati ya mwaka 1954 na 1955, pamoja na filamu tatu zilizotokana nayo, ambazo Peter Jackson aliziongoza huko New Zealand na zikaanza kuonyeshwa mwaka 2001, 2002 na 2003. Nilisema kwamba filamu hizo ni kazi kubwa, lakini zimekiacha kiini cha kitabu njiani. Wasomaji wa mikoa yetu ya kusini hawakuridhika na kauli fupi namna hiyo, na wana haki. Kwa asiyeijua hadithi yenyewe: Frodo, mmoja wa watu wafupi wanaoitwa wahobiti, anarithi pete iliyofuliwa na mtawala mwovu Sauron, na inambidi aipeleke hadi nchi ya Mordor akaitupe katika moto wa mlima ule ule ilikofuliwa. Anafuatana na Sam, mtunza bustani wake.

Swali: Shikamoo, Mhariri. Filamu zote tatu nilizitazama nikiwa mdogo katika kibanda umiza, mtafsiri akitueleza kwa Kiswahili kila kilichotokea. Mwaka huu nimeazima kitabu chenyewe. Nimesoma zaidi ya kurasa mia moja na Frodo bado hajafika mbali na kwao. Je, si kweli kwamba filamu inasimulia vizuri zaidi? (Mwanafunzi wa kidato cha sita, Masasi)

Marahaba, mwanangu. Uliyoyaona ni kweli, na tofauti hiyo ni kubwa kuliko ulivyodhani. Katika kitabu, tangu siku ya karamu ambayo mzee Bilbo anatoweka na kumwachia Frodo pete, hadi siku ambayo Frodo anafunga safari, inapita miaka 17. Frodo anaipokea pete akiwa na umri wa miaka 33 na anaondoka akiwa na miaka 50. Filamu imeibana miaka hiyo kiasi kwamba mtazamaji anaona kana kwamba ni siku chache tu. Tena filamu imemwondoa kabisa Tom Bombadil, yule mzee wa msituni ambaye huenda umefika kwake sasa. Kuhusu Tom naungana na watengenezaji wa filamu bila kusita. Mtazamaji ambaye ndiyo kwanza ameambiwa kwamba pete ni hatari kuliko vitu vyote duniani, kisha akamwona mtu anaivaa kidoleni, hapotei machoni pa watu, anacheka na kuirudisha, angekosa pa kuiweka hofu aliyopewa. Msomaji ana muda wa kuitafakari ajabu hiyo. Mtazamaji hana.

Filamu ya kwanza ilifanya vizuri zaidi mahali pengine pia. Kitabuni, pigano la mwisho la Boromir, msafiri mwenzao aliyejaribu kumnyang'anya Frodo pete, halisimuliwi. Aragorn, kiongozi wa wasafiri wakati huo, anaisikia baragumu yake kwa mbali, anakimbia, anamkuta amekwisha kuchomwa mishale, na hayo yote yamewekwa mwanzoni mwa juzuu la pili. Jackson alilileta pigano hilo mbele ya macho yetu na kulifanya kuwa kilele cha filamu ya kwanza, na kwa maoni yangu hakuna aliyelipamba tukio la kitabu kwa heshima kuliko alivyofanya hapo.

Lakini nakuomba usiukimbize mwanzo wa kitabu. Mwandishi anakukalisha kwa wahobiti, anakulisha uyoga wao, anakutembeza mashambani mwao na kukutajia majina ya vijiji vyao, kwa sababu atakuhitaji uyakumbuke yote hayo kurasa mia kadhaa baadaye. Barua ya mwisho katika safu hii itakuonyesha kwa nini. Na usisahau kwamba hadithi uliyoipenda kibandani ilikuwa imesimuliwa upya mara mbili: mara ya kwanza na Jackson, mara ya pili na yule mtafsiri, aliyechagua cha kukuambia na cha kukuacha ukione mwenyewe.

Swali: Kitabu kinazitenga safari za wahusika, kikimaliza habari za hawa ndipo kinawarudia wale. Filamu inaruka huku na huko kila baada ya dakika chache. Mbona wengi wanasema mpango wa kitabu ni bora? (Msomaji, Mikindani)

Kwa sababu mpango wa kitabu unamfanya msomaji asijue, na kutojua ndiko kunakoibeba hadithi hii. Nusu ya kwanza ya The Two Towers, yaani juzuu la pili, inahusu Aragorn na wenzake peke yao. Nusu ya pili inahusu Frodo, Sam na Gollum, kiumbe aliyewahi kuimiliki pete, peke yao, nayo inaishia Frodo akiwa mateka katika mnara wa adui mpakani mwa Mordor. Kisha juzuu la tatu linatupeleka kwingine, na kwa sura kumi nzima hatuonyeshwi yaliyompata. Tunapigana vita vya Gondor, nchi inayopakana na adui, tukiwa na mtu mmoja moyoni ambaye hatujui yu hai au amekufa. Mwishoni mwa sura ya kumi, mjumbe wa Sauron anatoka katika lango jeusi na kuonyesha kimoja kimoja vitu alivyovileta: upanga mfupi aliokuwa nao Sam, joho la kijivu, na fulana ya chuma chepesi kama kitambaa aliyokuwa ameivaa Frodo. Mchawi Gandalf na Aragorn wanavitazama, na msomaji anavitazama pamoja nao, akiwa hajui zaidi yao kama Frodo bado yu hai.

Wewe unayeishi Mikindani unajua hali ya mke wa mvuvi pale ufukweni baada ya usiku wa upepo, anapoonyeshwa kasia lililookotwa majini. Hajaambiwa kwamba mumewe amekufa. Ameonyeshwa kasia tu.

Filamu iliyoonyeshwa kwenye kumbi haina mjumbe huyo kabisa. Katika toleo refu lililotolewa baadaye yumo, na fulana inaonyeshwa, lakini wakati huo mtazamaji amekwisha kumwona Sam akimtoa Frodo mnarani kwa adui. Tunawahurumia walioko langoni kwa kuwa wamedanganywa, ila sisi wenyewe hatuogopi tena. Siwezi kuwalaumu sana watengenezaji, kwani kumficha mhusika mkuu kwa zaidi ya saa nzima ya filamu ni jambo ambalo wachache wangethubutu. Hata hivyo tukio lile lilikuwa limejengwa juu ya ukimya, na ukimya ulipoondolewa likabaki mazungumzo ya vitisho.

Swali: Wanafunzi wangu wa fasihi wamegawanyika kuhusu Faramir, ndugu yake Boromir. Wengine wanasema Faramir wa filamu anafanana zaidi na binadamu kwa sababu anashawishika. Mhariri anasemaje? (Mwalimu wa sekondari, Newala)

Mwalimu, hapa ndipo ninapotofautiana na filamu kwa uchungu hasa. Faramir wa kitabu anawakamata Frodo na Sam bila kujua wamebeba nini. Katika mazungumzo anatamka kwamba kitu hicho cha adui, hata angekikuta kimelala njiani, asingekiokota. Baadaye Sam anateleza ulimi na siri inatoka: pete iko pale pale, mbele ya jemadari mwenye askari, usiku, mbali na kila shahidi ambaye angemzuia. Faramir anajibu kwamba hata kama angekuwa mtu wa kukitamani kitu hicho, na hata kama hakujua vizuri alichokuwa akikisema, maneno yale angeyahesabu kuwa kiapo, nayo yangemfunga. Anawapa chakula, anawapa fimbo za safari, anawaacha waende.

Katika filamu ya pili, Faramir anaamua kuipeleka pete kwa baba yake na kuwaburuta wasafiri hadi mji wa Osgiliath, ndipo anabadili nia na kuwafungua. Walioandika filamu, akiwamo Fran Walsh na Philippa Boyens, walieleza sababu yao: wamekwisha kumwonyesha mtazamaji kwamba pete inamshinda kila mtu, kwa hiyo akitokea mmoja wa kuikataa kwa urahisi, nguvu ya pete inavunjika. Ni hoja ya mafundi wanaoujua utengenezaji wa filamu, na waambie wanafunzi wako waipime kwa uzito wake.

Mimi naipinga kwa sababu inachukulia kwamba kukataa kwa Faramir ni kitu rahisi. Sisi tunasema ahadi ni deni, na kila aliyelelewa na wazee wa pwani au wa bara la kusini anajua kwamba deni la namna hiyo hulipwa hasa siku ambayo mdai hana nguvu za kulidai. Frodo siku ile hana nguvu yoyote. Wanaosema kwamba binadamu halisi ni yule anayeanguka kwanza, nawauliza kama hawajapata kumfahamu mtu mmoja aliyewekewa amana akairudisha kamili. Mimi nimewafahamu, nao hawakuwa malaika. Tolkien aliwaweka ndugu wawili ili tuone kwamba pete ile ile ilimkuta mmoja akijiuliza angeweza kufanya nini nayo, na mwingine akiwa amekwisha kuamua kabla hajaiona. Filamu imemfanya ndugu wa pili kuwa nakala ya wa kwanza, tofauti ikiwa tu kwamba anajirudi mapema.

Swali: Kitabu kimejaa mashairi, nami huyaruka. Filamu imeyaacha karibu yote. Kuna hasara gani? (Msomaji, Lindi)

Usiyaruke, ndugu yangu, hasa wewe wa Lindi, nyumbani kwa Abdul Karim bin Jamaliddini aliyetunga utenzi wa vita vya Maji Maji. Watu wa Tolkien huimba kwa sababu ile ile iliyomfanya yeye atunge: mambo makubwa yaliyopita yanakaa kwenye beti, na anayezijua ndiye anayejua yuko wapi. Filamu imeacha nyingi, lakini imeokoa wimbo mmoja kwa ustadi mkubwa. Beti za wahobiti za kutembelea, ambazo kitabuni zinaimbwa kwa furaha mwanzoni mwa safari, zimepewa Pippin, mhobiti mwenzake Frodo, azighani kwa huzuni mbele ya mtawala wa Gondor anayekula chakula huku mwanawe akipelekwa vitani kufa. Maneno ni ya Tolkien, mahali ni pa Jackson, na huo ndio ugeuzaji ninaoupenda.

Swali: Mwanangu Mhariri, mimi ni mtu mzima. Filamu ya mwisho niliitazama na wajukuu nyumbani, wale wahobiti wakarudi kwao wakakuta kila kitu kama walivyokiacha. Mjukuu wangu anasema kitabuni hawakukuta hivyo. Nimeuliza kwa sababu marehemu baba yangu alikuwa kijana hapa wakati mitambo ya Waingereza ilipokuja kung'oa misitu kwa ajili ya karanga, na alikuwa akisema kwamba aliporudi kutoka kibaruani mbali hakuitambua njia ya kwao. (Mama, Nachingwea)

Shikamoo, mama. Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko zote.

Mjukuu wako amesema kweli. Kitabuni, Frodo na wenzake watatu wanaporudi wanakuta geti limefungwa darajani, orodha za amri zimebandikwa ukutani, nyumba za wageni zimefungwa, na miti iliyokuwa kando ya barabara imekatwa. Kinu cha zamani kimebomolewa na kujengwa kikubwa kinachochafua mto. Mti mkubwa wa uwanjani, ambao Bilbo alifanyia karamu chini yake, umelazwa chini. Aliyeyafanya hayo ni Saruman, mchawi aliyeshindwa vitani akaja kujilipizia kisasi kwa wadogo. Wahobiti wanainuka wenyewe kupigana, na kumi na tisa kati yao wanakufa. Frodo hachomoi upanga. Kazi yake siku hiyo ni kuwazuia watu wake wasiwaue waliosalimu amri.

Filamu imeondoa yote hayo. Hoja inayotolewa ni kwamba mtazamaji aliyekwisha kuiona pete ikiyeyuka, katika filamu inayochukua zaidi ya saa tatu, hawezi kubeba vita vingine. Filamu hiyo ilipata tuzo 11 za Oscar, kila tuzo iliyoteuliwa kuigombea, na kwa hesabu za ukumbini huenda uamuzi ulikuwa sahihi. Hata hivyo umeibadili maana ya safari nzima. Katika filamu, vita viko mbali, na mtu akienda akarudi, nyumbani panamsubiri vile vile. Kitabu kinasema kwamba hakuna nyumbani palipo mbali kiasi hicho. Cha ajabu ni kwamba filamu ya kwanza ilituonyesha, katika maji ya Galadriel, bibi wa msituni ambaye maji yake huonyesha mambo yanayoweza kutokea, wahobiti wamefungwa minyororo na nchi yao ikiungua. Ikatutisha kwa jambo hilo, kisha isituletee.

Wako waliosema kwamba Tolkien alikuwa akiandika juu ya Uingereza ya baada ya vita kuu ya pili. Mwenyewe alikanusha katika utangulizi wa toleo la pili, akaeleza kwamba nchi aliyoishi utotoni ilikuwa ikiharibiwa kabla hajafikisha miaka kumi. Aliikamilisha riwaya mwaka 1949, miaka ile ile ambayo mradi wa karanga, ulioanza mwaka 1947 na kusitishwa mwaka 1951, ulikuwa ukivuta minyororo katika miombo ya kwenu. Sidai kwamba alijua habari za Nachingwea. Nadhani tu kwamba yeye na baba yako wangeelewana bila kuelezana mengi.

Kuna jambo moja zaidi, mama, ambalo filamu isingeweza kuwa nalo baada ya kuondoa uharibifu huo. Kitabuni, Galadriel anampa Sam sanduku dogo la udongo wa bustani yake, na ndani yake mbegu moja. Sam analibeba hadi Mordor na kurudi. Vita vikiisha anazunguka nchi yote akipanda miche, na kila mche anautilia chembe moja tu ya udongo ule ili uwatoshe watu wote. Ile mbegu anaipanda uwanjani, pale ulipokatwa mti wa karamu. Katika toleo refu la filamu, zawadi ya Sam ni kamba. Mwombe mjukuu wako akutafsirie sura ya nane ya sehemu ya sita, halafu asiishie hapo. Aendelee na kurasa za mwanzo za sura inayofuata, ambamo Sam anapanda.