Vilele vitatu vya Pentland kwa nusu siku

Mtu aliyekulia Moshi ukimwambia kuna mlima wa mita 579, atacheka. Mimi nilicheka. Nikaenda na jinzi na raba, na kufika saa sita mchana nilikuwa nimejibanza nyuma ya lundo la mawe kileleni Carnethy, nimelowa hadi soksi, meno yanagongana. Ilikuwa Juni.

Milima ya Pentland iko kusini tu mwa Edinburgh. Hakuna kiingilio: sheria ya Scotland ya 2003 inampa kila mtu haki ya kutembea maeneo kama haya, mradi asiharibu wala kusumbua kondoo.

Anzia Flotterstone. Mzunguko ni kilomita 12 hivi, saa nne au tano kwa mwendo wa kawaida. Panda Turnhouse Hill kwanza, halafu Carnethy, halafu Scald Law, ndiyo hiyo ya mita 579. Wapo wanaozunguka kinyume, siwashauri. Upepo wa huku mara nyingi hutoka kusini-magharibi. Afadhali uupokee usoni mapema, ukiwa na nguvu, kisha ukusukume mgongoni wakati wa kurudi. Baada ya Turnhouse utateremka sana kabla ya kupanda tena, na hapo ndipo wageni wangu huanza kununa.

Vichaka vya hetha ni ndugu wa ile miti ya Kilimanjaro unayopita ukielekea Horombo, ila huku havifiki magotini. Agosti mlima mzima unageuka zambarau. Usikatize humo kutafuta picha: chini yake kuna mashimo, na udongo mweusi unaonyonya maji kama sponji. Raba yangu moja ilibaki humo, nikaichimbua kwa mkono.

Kutoka Scald Law rudi hadi kwenye tandiko, yaani pale pa chini kati yake na Carnethy, kata kushoto, ushuke bondeni ufuate barabara ya mabwawa. Chini ya maji ya bwawa la Glencorse kuna magofu ya kanisa. Desemba uwe umefika hapo mapema, maana jua linazama saa tisa na dakika arobaini mchana.

Nyumbani, kabla ya kuoga, jikague nyuma ya magoti na kiunoni. Kupe wapo, na wengine hubeba maradhi. Mshike karibu na ngozi kwa kibanio chembamba, umvute taratibu. Usimpake mafuta ya taa kama tulivyowafanyia wa ng'ombe wa babu.