Sindano ya ozoni kwenye diski: uliza haya kabla hujakubali

Ndugu, umeuliza kama sindano ya ozoni (gesi) au ya seli shina (seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli nyingine) itakuepusha na upasuaji wa diski, yaani ule mto laini ulio kati ya pingili za uti wa mgongo, maana uliyeongea naye anasema "haina madhara, ni ya asili". Hapo ndipo ninapokataa. Diski ya mtu mzima karibu haina mishipa ya damu, kwa hiyo bakteria wakiingia na sindano, dawa huwafikia kwa shida. Utatumia antibiotiki wiki nyingi. Sindano ikikosea njia inaweza kujeruhi neva. Hata sindano za hospitali zina hatari zake: mwaka 2012 kule Marekani, sindano za steroidi (dawa za kupunguza uvimbe) zilizoingiwa na kuvu zilileta homa ya uti wa mgongo na watu zaidi ya 60 wakafa.

Muulize anachoma nini hasa, na kama anaongozwa na eksirei au anakisia kwa kidole. Akikwepa, ondoka. Maumivu ya diski mara nyingi hupungua yenyewe ndani ya wiki au miezi kadhaa. Ila ukihisi ganzi kwenye makalio na sehemu za siri, mkojo ukigoma au ukikutoka ovyo, au miguu ikilegea, nenda hospitali siku hiyohiyo.